Bunduki ya Watu Wawili

Mtu akinipa kitu bure, huwa nakigeuza kwanza nione chini yake kuna nini. Ndivyo nilivyolelewa, na miaka yangu ya Minnesota haikunibadilisha, ilinikomaza tu. Kwa hiyo binti yangu aliporudi nyumbani Coon Rapids siku moja ya kiangazi, akaniambia kwamba baba wa rafiki yake amejitolea kumpeleka kuwinda swala msimu ukifunguliwa, na bunduki atamwazima, niliweka chini kisu cha vitunguu nikavuta kiti.

"Anakuazima kwa shilingi ngapi?"

"Bure, Mama. Anayo moja ndogo, imekaa tu."

Naandika maneno yake kwa Kiswahili, lakini yalitoka kwa Kiingereza. Binti yangu alielewa kila nilichosema, hata nilichokinong'ona, ila kujibu alijibu kwa lugha ya shule. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake alirudi Dar es Salaam kabla hajaanza darasa la kwanza, akaaga kwamba anakwenda kutazama biashara, na biashara hiyo ikamwoza mke mpya na kumzalia watoto. Tangu hapo tulibaki mimi na yeye na zamu zangu za uuguzi hospitalini.

Yule bwana nilimfahamu kwa sura. Mzungu mrefu wa makamo, anakaa mtaa wa nyuma, ana pikapu kubwa na tabia ya kutabasamu kabla hujamsalimu. Binti yangu alimwita kwa jina lake, jina tupu, kama anavyomwita mwenzake wa darasani. Nilimkemea, akasema mwenyewe ndiye aliyetaka aitwe hivyo. Hilo nalo sikulipenda. Mtu mzima anayemwambia mtoto wa watu amwite kwa jina, anatafuta nini?

Hofu zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza kila mwenye binti anaijua, sina haja ya kuieleza: mwanamume, mtoto wa kike, msitu. Ya pili sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba huenda ni mtu mwema kweli. Atamfundisha mwanangu jambo ambalo baba humfundisha mtoto, na mwanangu, ambaye hakuwahi kufundishwa kitu na baba, atatoka huko msituni akiwa wake. Mtu mbaya nilijua namna ya kumfukuza mlangoni. Mtu mwema ningemfukuza vipi?

"Kama ni kuwinda," nikamwambia, "utawinda na mimi."

Akacheka mpaka akashika friji. Alinijua kwa sare za hospitali, kwa ugali, kwa kulalamika baridi. Hakujua kwamba mama yake ni mtoto wa bwana nyama. Nilizaliwa Liwale, baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori, na kabla sijajua kusoma nilijua tofauti ya mlio wa bunduki ya serikali na mlio wa gobole la jangili. Nyama ya tembo mharibifu aliyepigwa shambani kwa watu niliila nikiwa na meno ya utotoni. Nilimweleza hayo yote. Akanisikiliza mdomo wazi, kisha akauliza kwa nini sikuwahi kumwambia. Nikamjibu kwamba hakuwahi kuuliza.

Basi ikabidi tupate bunduki, na uwezo wangu ulikuwa wa bunduki moja. Moja, ya mama na mtoto, asubuhi yake, mchana yangu. Binti yangu alishapita mafunzo ya usalama wa silaha wanayopewa watoto wa huku, nami nilikaa nyuma ya darasa lile siku zote, nimekumbatia mkoba, nikimwangalia mwalimu kuliko nilivyoangalia ubao.

Kazini nilimwambia muuguzi mwenzangu, Mkenya, mwanamke mwenye moyo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. Tulikuwa tunakunja mashuka.

"Ati bunduki? Wewe m-TZ umeanza lini hizi story?" Akaliachia shuka upande wake. "Mimi nikitaka nyama naenda store, naweka kwa cart, na-swipe card, nimemaliza. Kukimbizana na mnyama kwa hii baridi ni ya nini?"

"Si nyama, dada. Ni mtoto."

"Mtoto mnunulie simu! Ama a-join soccer. Na unajua uki-buy bunduki jina yako inaenda mahali? Halafu siku ya interview ya citizenship unaulizwa, madam, hiyo bunduki ulikuwa unataka kufanyia nani?"

Hilo la mwisho lilinikaa. Maombi yangu ya uraia yalikuwa yameshapelekwa, na kila bahasha iliyoingia kwenye kisanduku cha posta niliifungua nikiwa nimesimama. Mkenya yule alitania, lakini dalili ya mvua ni mawingu, nami nilianza kuyatazama mawingu.

Tulianzia dukani, kwenye duka kubwa la vifaa vya uwindaji. Bunduki zilisimama ukutani kwa safu, na vichwa vya swala vilitutazama kutoka juu. Wenyeji wanawaita dia, lakini kwangu mimi mwenye pembe na miguu myembamba ni swala. Muuzaji alikuja na tabasamu, akauliza nani atakayeitumia. Nikamwambia sisi sote wawili. Akamtazama binti yangu, akanitazama mimi, ambaye namzidi binti yangu kichwa na mabega, akajikuna kidevu.

Tatizo, alisema, ni kitako, yaani ule mti wa nyuma unaokaa begani. Kitako cha mtu mzima ni kirefu, mtoto hafikii kifyatulio bila kujinyoosha, na aliyejinyoosha hapigi shabaha. Kitako cha mtoto ni kifupi, mtu mzima akikitumia anajikunja kama anayekula kwa siri. Akatoa bunduki ya bei rahisi, ya risasi moja moja. Nikawaza, ameona rangi yangu, ananidharau. Akairudisha, akatoa ya ghali yenye darubini. Nikawaza, ameona rangi yangu, ananiibia. Maskini yule mtu, hakukuwa na bunduki ukutani mle ambayo angeishusha nikamsifu.

Ile ya ghali ilimkaa binti yangu vizuri. Bei yake ilikuwa kodi ya nyumba na zaidi. Nilipokuwa bado naigeuza, muuzaji akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba tukikubaliana nitajaza fomu, aone kitambulisho, kisha atapiga simu jina langu likaguliwe.

"Simu kwa nani?"

"Serikalini. Ni kawaida. Dakika chache tu."

Nilimrudishia bunduki yake kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikamshika binti yangu mkono. Alinung'unika mpaka kwenye gari. Nikamwambia kwamba duka linalopiga simu serikalini kwa kila mteja, mimi silijui na lisinijue.

Tangazo nililiona Anoka, kwenye duka dogo la chambo karibu na mto, ambako nilikuwa nimesimama kununua kahawa. Lilikuwa limebanwa ubaoni kati ya mbwa aliyepotea na boti ya kuuza: bunduki ya kuwindia, imetumika, inafaa mtu mzima na mtoto. Nililisoma nikalirudia. Kiatu kinachowafaa baba na mwana, mmoja wao kinambana. Lakini bei ilikuwa nusu ya ile ya dukani, na msimu ulikuwa unakaribia, na binti yangu alikuwa ameanza kuniambia kila jioni kwamba ile bunduki ya bure bado ipo.

Mwenye tangazo alikuwa mzee wa Inver Grove Heights. Tulivuka jiji zima, kaskazini hadi kusini, tukamkuta kwenye gereji yake, mlango wazi, mto ukionekana chini nyuma ya miti. Bunduki ilikuwa juu ya meza, na darubini yake, imelazwa kwenye taulo. Kitako chake kilikuwa kimekatwa kwa msumeno, na kile kipande kilichokatwa kilikuwa pembeni, na skrubu mbili ndefu. Mzee alikikata mwenyewe binti yake alipokuwa mdogo, akakitunza kipande. Zamu ya binti, kipande kinatoka. Zamu ya baba, unakirudisha kwa bisibisi. Akatuonyesha, na kweli, haikuchukua muda.

Ilikuwa kazi ya akili, na mimi nikaishuku kwa sababu hiyo hiyo. Mtu mwenye akili namna hii anauza kwa nini? Nikavuta komeo, kile chuma kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele ili risasi iingie, nikalichomoa kabisa. Nikaweka ukucha wa gumba nyuma ya mtutu upate mwanga, nikachungulia kwa mbele, kama baba yangu alivyokuwa akifanya kila Jumamosi. Mifuo ndani ilikuwa safi, inang'aa. Mzee akanitazama kwa namna nyingine tangu hapo.

Kisha nikauliza swali ambalo kwetu huwezi kununua bunduki bila kuliuliza.

"Imewahi kuua mtu?"

"Mama!" Binti yangu alifunika uso kwa mikono miwili.

Kwetu Liwale si matusi. Bunduki iliyomwaga damu ya mtu haiingizwi kwenye nyumba yenye watoto kabla wazee hawajakaa nayo, na muuzaji akiulizwa hanuni, anaapa, mnaendelea na bei. Mzee yule hakuapa. Aliikunja taulo, akaikunjua.

"Kwa ninavyojua mimi, hapana."

Nikashika hapo hapo. Kwa anavyojua yeye! Na yale asiyoyajua? Akaeleza kwamba aliinunua mpya, haikuguswa na mtu ila yeye na binti yake.

"Na binti yako kwa nini haitaki?"

"Anakaa California," alisema. "Hali nyama."

Alilisema kwa uchungu mkubwa kuliko ambavyo angesema amefungwa. Nikamwamini. Nilimpa hela, akanipa bunduki, kipande chake, bisibisi na boksi la risasi, risasi za saizi ndogo zisizopiga bega sana. Hakuniuliza jina, hakuniuliza natoka wapi, hakupiga simu kokote. Dukani waliniuliza mno, huyu hakuniuliza kitu, na njia nzima ya kurudi nilikuwa naangalia kioo cha nyuma nione kama tunafuatwa. Binti yangu aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia aangalie mbele.

Sasa, ndani ya nyumba ya bwana nyama kuna sheria, na sheria hiyo niliihamishia Coon Rapids kama ilivyo. Bunduki nzima haikai na mtu mmoja. Kwetu, bunduki ilining'inia nyuma ya mlango wa chumbani, risasi alikuwa nazo baba kwenye sanduku la chuma, na komeo alikuwa nalo mama. Alilificha kwenye chungu cha unga, na baba mwenyewe hakujua ni chungu kipi. Baba akirudi amelewa, bunduki ni bomba tu. Mama akikasirika, ni bomba tu. Mwizi akiingia, ameiba bomba. Asubuhi ya kwenda porini mama alitoa komeo, akalipangusa unga kwa kanga, akalikabidhi. Nilikua nikidhani kila ndoa duniani inaendeshwa hivyo.

Kwa hiyo bunduki niliifungia kwenye kabati, funguo nikampa binti yangu ajivunie. Risasi nikaziweka chumbani kwangu. Komeo nikalificha mahali ambapo sikumwambia.

"Kwa hiyo huniamini," akasema.

"Sikiliza, mama. Si wewe. Ni sheria ya babu yako."

"Baba wa rafiki yangu anampa binti yake bunduki nzima."

Nikamwambia yule bwana ana sheria zake na mimi nina zangu, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Alipanda ngazi akikanyaga kila moja kwa nguvu.

Hata hivyo siku za mazoezi tulikuwa na raha. Kulikuwa na uwanja wa shabaha nje kidogo ya Anoka, na Jumamosi nikiwa sina zamu tulikwenda, mimi na komeo langu mfukoni, yeye na bunduki yake begani. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka, nikapiga bila kurudisha kile kipande cha kitako. Jicho likawa karibu mno na darubini, bunduki ikaruka nyuma, ukingo wa darubini ukanichana nyusi. Binti yangu alicheka kwanza, kisha akaona damu, akavua shali yake akanikandamiza nayo, akanishikilia kichwa kama mimi ninavyowashikilia wagonjwa wangu. Akapiga yeye. Risasi zake zilikaa pamoja kwenye karatasi, zangu zilitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Jicho la babu yake lilikuwa limeniruka likamwangukia yeye. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi katika nchi hii, na nilimwambia.

Yule bwana alisikia kwamba tumenunua. Alikuja mlangoni, hakuingia, akasema yeye na familia yake huwinda kwenye msitu wa serikali huko kaskazini, ardhi ya watu wote, tukipenda tufuatane, wasichana wawe karibu. Nikatafuta uovu ndani ya maneno yake, nikakosa pa kushika, na kukosa huko kukanisumbua. Nikakubali kwa masharti: gari langu, chakula changu, bunduki yangu. Akasema sawa, kila kitu sawa.

Wiki moja kabla ya msimu nilirudi kutoka kazini nikakuta kopo la unga limegeuzwa. Mfuniko ulikuwa umekaa upande, na unga umemwagika kidogo juu ya kaunta. Damu ilinipanda. Nikazamisha mkono, nikalikuta komeo liko mahali pake, limefungwa kwenye nailoni. Juu ya jiko kulikuwa na sahani imefunikwa: ugali, na maharage ya kopo. Alikuwa amenisongea ugali, wenye mabonge, mgumu upande mmoja. Nikaula wote. Kisha nikalihamisha komeo.

Nililitia kwenye mfuko wa ndani wa koti langu zito la baridi, koti ninalolivaa kila siku kuanzia majani yakianguka mpaka barafu iyeyuke. Nilijipongeza. Mahali nitakapokuwa mimi, komeo litakuwepo.

Nisichokifikiria ni rangi. Wawindaji wa huku ni lazima wavae rangi ya chungwa inayowaka, ili mtu asimdhanie mwenzake mnyama. Binti yangu alikuwa amenitafutia koti la rangi hiyo kwenye duka la mitumba, zito, lenye manyoya ndani, na siku ya safari alinivisha mwenyewe mlangoni, akafunga zipu hadi kidevuni, akasema napendeza. Nikatoka hivyo. Tuliendesha saa nyingi nyuma ya pikapu yao, tukalala kwenye moteli ya mji mdogo, na alfajiri tukakutana kwenye uwazi wa kuegeshea magari, pumzi zinatoka moshi. Walikuwa watatu: yule bwana, binti yake, na babu wa huyo binti, mzee mkimya mwenye kofia ya masikio.

Binti yangu alitoa bunduki kwenye begi lake. Akanyoosha mkono kwangu apewe komeo, na mimi nikapeleka mkono kifuani.

Nilipapasa upande huu, nikapapasa ule. Nikafungua zipu. Nikarudi kwenye gari nikatoa mikoba yote, nikainua mazulia. Na wazo la kwanza lililonijia, nalisema kama lilivyokuwa, ni kwamba nimeibiwa. Jana yake yule bwana alinisaidia kubeba mizigo kuingiza moteli. Nikamgeukia.

"Umegusa vitu vyangu?"

"Hapana," alisema.

"Jana ulibeba begi la bunduki."

"Nililibeba, ndiyo. Sikulifungua."

Nilimtazama mifuko. Nilitazama mifuko ya koti lake mbele ya binti yake na mbele ya baba yake mzazi, taa za gari zikimmulika, naye akasimama wima akaniacha nitazame. Babu alianza kusema neno, mwanawe akamgusa kiwiko, akanyamaza.

"Mama," binti yangu akasema. "Liko kwenye koti lako. Lile la nyumbani."

"Nani amekwambia?"

"Najua. Kwanza lilikuwa kwenye unga. Halafu ukaliweka kwenye koti." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Nilijua siku zote. Sikuligusa."

"Na mbona hukuniambia tulipokuwa tunatoka?"

"Nilidhani umelichukua, Mama. Wewe hujawahi kusahau kitu."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nguo yenyewe nilikuwa nimeiacha kwenye msumari Coon Rapids. Nilikuwa nimeshika bomba. Bomba safi, lenye darubini na kitako cha kupunguza na kuongeza, na anga juu ya miti ilianza kupauka.

Yule bwana alikwenda kwenye pikapu, akarudi na bunduki ndogo. Ile ile ya bure. Alisema aliibeba kwa tahadhari tu, huenda moja ikaharibika. Moyo wangu ukauliza papo hapo, nani alimwambia kwamba itaharibika? Hakumpa binti yangu. Alisimama nayo mbele yangu, mtutu chini, komeo wazi.

Mpango wao ulikuwa binti yake akae na babu upande wa pili wa kinamasi, yeye mwenyewe awe huku peke yake. Nafasi ipo, alisema. Kisha akaniuliza mimi, si mtoto: "Unaruhusu?"

"Nitakaa na mama yangu," binti yangu akasema haraka. "Si lazima. Tutatazama ndege."

Nikamshuku naye. Ananionea huruma, nikawaza, na mtoto anayemwonea mama yake huruma ameshaanza kuondoka. Macho yake yalikuwa kwenye ile bunduki ndogo. Alikuwa akiamka alfajiri tangu mwezi wa nane kufanya mazoezi ya kubana pumzi. Ningeweza kusema hapana, na sheria ingekuwa upande wangu, na tungekaa mimi na yeye kutwa nzima kwenye baridi na bomba letu, naye asingenilaumu kwa mdomo. Hilo ndilo lililoniogopesha. Angeninyamazia, na angeninyamazia miaka.

"Nenda," nikasema.

Kisha nikamwambia yule bwana kwamba nami nitakaa nyuma yao, mahali nitakapowaona. Sikuomba. Akasema bila shaka, akaangalia upepo, akanichagulia mti.

Nilikaa mgongo kwenye mti, mikono mitupu mapajani. Wao walikuwa mbele yangu nyuma ya gogo lililoanguka, migongo miwili ya rangi ya chungwa. Mwanzoni nilikuwa naupima umbali kati ya migongo ile. Ulikuwa mkubwa. Kila nilipofumba jicho na kufumbua niliupima tena, na ulikuwa vile vile. Yule bwana hakumwegemea, hakumshika mkono kumwelekeza, alinyoosha kidole tu mara moja moja. Jua lilipanda, vidole vya miguu vikafa ganzi, nami nikawa naangalia migongo ile kuliko nilivyoangalia msitu, hata swala alipotoka kwenye vichaka sikumwona mimi. Nilimwona binti yangu akitulia. Bega lake lilishuka kama babu yake alivyokuwa akishusha bega. Nilibana pumzi pamoja naye.

Mlio ulikuwa mmoja. Swala aliruka, akakimbia kidogo, magoti yakamlegea, akalala kwenye majani.

Binti yangu alifanya kila kitu alichofundishwa. Alifungua komeo, ganda likaruka, akahakikisha chemba ni tupu, akailaza bunduki juu ya gogo mtutu ukielekea mbali. Kisha akageuka na kumrukia yule bwana shingoni, akamkumbatia kwa mikono yote miwili, uso kifuani mwake, akilia na kucheka. Sikuwahi kumwona akimkumbatia mwanamume. Hakukuwa na mwanamume wa kumkumbatia. Nilikuwa nimeshasimama bila kujua.

Yule bwana hakumshika. Alinyanyua mikono yake miwili juu, mbali na mgongo wa mwanangu, viganja wazi, akanitafuta kwa macho kati ya miti mpaka akanipata. Hakuwa anatabasamu. Alikuwa anajua ninavyomshuku, na alikuwa amejua tangu kiangazi, tangu mlangoni kwangu ambapo hakuingia. Akabaki hivyo, mikono hewani kama mtu aliyekamatwa, mtoto wangu akimlilia kifuani, akingoja nimpe ruhusa ya kumpigapiga mgongoni. Na mimi nikachelewa kuitoa.